Kijaluba Kimebaki, Gemu Iko Wapi?

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kitu ambacho wengi wetu hapa Pemba hatujakishika mkononi, ingawa kile kinachowekwa ndani yake tunakijua vizuri. Wako watu huko Ulaya, Marekani na Japani wanaokusanya vijaluba vya chuma vya kuwekea gemu za video. Wanachokitafuta hasa ni kijaluba; gemu yenyewe huwa jambo la pili. Huvipanga kabatini kwa mstari, huvivika mifuko ya plastiki visichubuke, na kimoja kikiwafikia kimebonyea pembeni hukirudisha kilikotoka. Kijana wa Chake Chake au wa Konde, ambaye tangu utotoni amecheza mpira wa pleistesheni kwa kulipia mechi moja moja, atauliza, na ana haki ya kuuliza: mtu mzima anakusanya makopo ya nini? Mimi watu hao nitawatetea nusu na nitawalaumu nusu. Kukusanya ganda ni kazi ya maana pale ganda linapotueleza kilichokuwamo. Likikaa peke yake, bila ya kilichomo na bila ya maelezo, linakuwa pambo tu, na wafanyabiashara wa gemu wameshagundua kwamba wapenzi wao wako radhi kulipia pambo. Jambo hili linatuhusu sisi Wazanzibari, kwa sababu tumeshaona maganda yetu wenyewe yakiondoka na habari zake zikapotea, na sasa tunaona kinyume chake: gemu zinachezwa hapa bila ya ganda lolote, na habari zake zinapotea vile vile.

Tukitazame kwanza kijaluba chenyewe kwa karibu. Ni bati jembamba la chuma lililopigwa chapa ya picha kabla ya kukunjwa, likafanywa majalada mawili yaliyoungana kwa mgongo, na ndani yake kimepachikwa kitanda cha plastiki chenye kitufe cha kuishikilia diski. Jina linalojulikana zaidi ni SteelBook, alama ya biashara ya kampuni ya Denmark iitwayo Scanavo, iliyoanza kuviuza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Novemba 2004, Microsoft ilipotoa Halo 2, toleo maalumu la gemu hiyo liliuzwa katika kasha la chuma pamoja na diski ya pili inayoonyesha namna gemu ilivyotengenezwa. Mwaka 2009 Nintendo ikazikusanya gemu tatu za Metroid Prime katika diski moja, ikaziuza Marekani ndani ya kijaluba cha chuma chenye kitabu kidogo. Hapo mambo yalikuwa sawa: chuma kizuri, na ndani yake kitu kilichokamilika ambacho mnunuzi angeweza kukitia katika mashine na kucheza hata kama kampuni iliyokitoa imefunga milango.

Lakini vijaluba hivi vina jambo moja ambalo wakusanyaji wengi hulipita bila ya kulifikiria. Kava la kawaida la plastiki limejaa maandishi: nani ametengeneza, nani amesambaza, mwaka gani, kwa mashine ipi, watoto wa umri gani wanaruhusiwa, soko la nchi zipi, lugha zipi. Kijaluba cha chuma huwa hakina maandishi hayo, kwa sababu uzuri wake ni kuiacha picha ipumue. Habari zote huwekwa katika karatasi iliyonatishwa mgongoni au kuzungushwa nje, na karatasi hiyo ndiyo inayobanduliwa siku ya kwanza. Wengine huihifadhi ndani ya kijaluba, na hao nawapa heko. Wengi huitupa. Hivyo kinachobaki kabatini ni chuma cha kupendeza kilicho kimya, na kinachokwenda jaani ni ule ushahidi. Mtu akiniuliza kipi nikihifadhi kati ya viwili hivyo, nitamwambia karatasi, bila ya kusita.

Kampuni nazo zikaenda mbele zaidi. Novemba 2022 Sony ilitoa God of War Ragnarök. Toleo lake la wakusanyaji lilikuwa na nyundo ya sanamu yenye urefu wa inchi 16, sanamu nyengine ndogo, na kijaluba cha chuma. Ndani ya kijaluba hicho diski haimo. Kitanda cha plastiki kipo, kitufe cha kushikilia diski kipo, pahala pa diski patupu. Gemu inapatikana kwa namba ya siri anayopewa mnunuzi ili aipakue kutoka katika mitambo ya kampuni. Sony haikudanganya, jambo hilo lilielezwa wazi, na watu wakanunua. Mimi sioni kosa kwa muuzaji anayesema kweli. Naona kosa kwa mnunuzi anayejiita mhifadhi wa historia ya gemu huku akihifadhi mahali ambapo gemu ingekaa.

Na hatari ya kuitegemea mitambo ya kampuni si ya kubuni. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine zake za Wii U na 3DS, na gemu zilizokuwa zikiuzwa humo tu hazikuweza kununuliwa tena. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilizima mitambo ya The Crew, gemu ya magari iliyotoka 2014. Gemu hiyo haikuweza kuchezwa bila ya mitambo ile hata na aliyecheza peke yake, kwa hiyo mtu mwenye diski halali, aliyoinunua dukani kwa fedha zake, alibaki na kipande cha plastiki. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilichapisha utafiti uliofanywa pamoja na mtandao wa wahifadhi wa programu, ukaonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena katika biashara. Hiyo ni nchi yenye maktaba na vyuo vikuu visivyo na idadi. Msikilizaji ajiulize basi hali ikoje kwa gemu iliyochezwa Wete.

Hapa atatokea mtu aseme: ikiwa hata diski yenyewe inaweza kufa, basi aliyekusanya vijaluba ndiye mwerevu, maana chake kimebaki. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu sikubali kuwacheka wakusanyaji hawa. Ganda limewahi kutuokoa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay na wenzake wa taarabu, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na sahani zile za santuri zikaenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Zilikuwa nzito, za kuvunjika, na sindano ilizila kila zilipopigwa. Leo sahani iliyokwaruzika kiasi cha kutosikika bado inazungumza kwa njia nyengine: lebo yake ya katikati ina jina la mwimbaji, jina la wimbo na namba ya kampuni, na kwa namba hiyo mtafiti anaweza kujua ilirekodiwa katika kundi gani na wakati gani. Sauti imekwisha, karatasi ya duara inatoa ushahidi. Au tuje karibu zaidi, kwenye filamu za Bongo zilizouzwa kwa CD na DVD. Kuanzia 2013 serikali ilitaka kazi za muziki na filamu zibandikwe stempu ya kodi ya Mamlaka ya Mapato. Kwa hiyo kava la filamu ya miaka ile, pamoja na stempu yake ndogo, linatuambia kama nakala ilikuwa halali au ya magendo, tena kwa haraka kuliko filamu yenyewe. Lakini tazama kinachofanya kazi katika mifano yote miwili: ni maandishi, namba, stempu. Ganda linafaa kwa sababu limeandikwa. Kijaluba kilichobanduliwa karatasi yake kimejinyang'anya chenyewe sifa hiyo.

Upande mwengine wa jambo hili tunaujua hapa Visiwani kuliko mtu yeyote wa Copenhagen au Tokyo. Makasha ya njumu, yale ya mbao ngumu yaliyopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba nyeupe na nyekundu, mengi yaliletwa na majahazi kutoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, na mengine yakatengenezwa na mafundi wa huku huku. Yalikaa vyumbani. Ndani yake ziliwekwa kanga na dhahabu za bibi harusi, hati za mashamba ya mikarafuu, barua, talasimu, udi. Pembeni kwa ndani mlikuwa na kijisanduku, na baadhi yalikuwa na saraka za siri chini yake. Kisha ikaja biashara ya vitu vya kale. Wanunuzi wakapita majumbani, kasha likatolewa, vilivyomo vikahamishiwa katika mfuko wa plastiki au sanduku la bati, na kasha likaishia Mji Mkongwe katika duka la mtalii, au sebuleni kwa mtu London, juu yake pamewekwa taa. Mwingereza Sheila Unwin, aliyeishi Afrika Mashariki na kuyapenda sana makasha haya, alichapisha kitabu chake juu yake mwaka 2006, na bila ya kazi yake tungejua machache mno. Kwa kasha lililokwisha kupita mikononi mwa madalali watatu, mtaalamu hana ila mbao, misumari na mapambo ya kumwongoza. Anaweza kukwambia shaba ilikatwa kwa mtindo wa wapi. Hawezi kukwambia lilikuwa la nani, lilitolewa katika harusi gani, wala hati iliyokuwa katika saraka ya siri ilikuwa ya shamba la Mtambile au la Ole. Wenye nyumba hawakuwa wajinga; walihitaji fedha, na aliyenunua alitaka shaba. Karatasi hazikuwa na mnunuzi.

Sasa turudi kwenye gemu za Pemba, ambazo hazikuwahi kuwa na shaba wala chuma. Kwa miaka mingi kisiwa hiki kilitegemea majenereta ya dizeli, na umeme wa uhakika ulikuwa wa kubahatisha mpaka 2010, waya wa chini ya bahari ulipotoka Tanga ukafika Pemba kwa msaada wa Norway. Umeme wa kutulia ndio uliowezesha friji, saluni, mashine za kusaga, na pia vibanda vya gemu. Mashine iliyokuwa ikitawala ni PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000 na kuuzwa duniani kuliko mashine nyengine yoyote ya gemu. Iliyofika kwetu kwa kawaida ilikuwa imetumika kwengine, imetiwa chipu ili ikubali CD za kuchomwa, na CD hizo zilikuja katika mfuko wa nailoni au bahasha ya karatasi, jina la gemu limeandikwa juu yake kwa kalamu ya maka. Hakuna kijaluba, hakuna kava, hakuna kitabu cha maelezo. Sheria za mchezo zilipita kwa mdomo, kibanda kwa kibanda: kitufe gani cha kupiga shuti, kipi cha kukaba, nani anakaa akishinda na nani anaachia padi. Baadaye ikaja simu. Vijana wakawa wanacheza Dream League Soccer na kuivika timu yao jezi za Simba au Yanga, jezi ambazo kampuni ya gemu haikuziweka. Zilichorwa na mashabiki katika picha ya mraba ya pikseli 512 kwa 512, zikasambazwa kwa kutumiana anuani ya picha. Ile ni kazi ya sanaa iliyofanywa na Watanzania kwa ajili ya Watanzania. Msimu ukiisha jezi hubadilika, anuani hufa, na ya mwaka juzi haionekani tena. Ukinitaka nitaje kitu cha gemu chenye historia yetu ndani yake, nitaitaja picha ile ya mraba kabla ya chuma chochote kutoka Denmark.

Mtu wa sheria atanisimamisha hapa. Atasema: CD za kuchomwa ni wizi wa kazi za watu, Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2003, na wewe unataka tuzihifadhi? Ni kweli ni nakala zisizo halali, na simshauri mtu afungue biashara ya kuzichoma upya. Lakini ushahidi wa jambo hauhalalishi jambo. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani zimejaa karatasi za mambo ambayo leo yasingeruhusiwa, na hakuna anayesema zichomwe moto. CD ile yenye mwandiko wa mtu, pamoja na mikwaruzo yake, inaeleza namna vijana wa kisiwa walivyoifikia teknolojia ambayo haikuwekewa duka hapa wala bei ya mfuko wao. Gemu iliyomo imehifadhiwa na wengine huko duniani. Mwandiko haujahifadhiwa na mtu.

Wengine watasema intaneti inahifadhi kila kitu, basi tusijisumbue. Hawa nadhani hawajajaribu kutafuta. Intaneti huhifadhi kile ambacho mtu fulani amejitolea kukilipia na kukiangalia, na aliyejitolea kwa kawaida huanza na vya kwao. Zaidi ya hayo, CD ya kuchomwa si sawa na diski ya kiwandani: habari zake zimo katika rangi inayoharibiwa na mwanga na joto, na hakuna chumba chenye bati la juu kisichokuwa na joto Pemba. Chuma nacho hapa kina adui wake. Kisiwa chetu kinapata mvua nyingi kuliko Unguja, hewa ina chumvi, na kijaluba kilichochubuka rangi kidogo pembeni kitaota kutu. Mfuko wa plastiki anaouona mkusanyaji wa Ulaya kuwa ni kinga, kwetu wakati wa masika unaweza kufungia unyevu ndani. Anayetaka kuiga mtindo wa kule akiwa huku ajue anachokinunua.

Pingamizi nzito zaidi, na ndiyo niliyoitarajia kwa wazee wetu, ni israfu. Kisiwa kina shida zake, watoto wanahitaji madawati, na mtu anaweka fedha katika makopo matupu. Kwa upande wa kijaluba kinachoagizwa kutoka nje, mimi na wazee hatuna ugomvi. Mtu na fedha yake, raha haihitaji cheti, lakini asituambie kwamba anauhifadhi utamaduni. Upande wa pili ndio ninaoutetea, na huo hauna gharama ya kutajika. Kuandika katika kipande cha karatasi kwamba CD hii ilichezwa katika kibanda fulani cha Mkoani, kati ya mwaka huu na huu, televisheni ilikuwa ya kichogo, mechi ililipiwa kiasi fulani, na mshindi alibaki kitini, hakumnyimi mtoto dawati. Kinachohitajika ni mtu kuona kwamba jambo lile lilikuwa na maana. Hapo ndipo tunapokwama mara nyingi. Mpaka leo bado tuna aibu ya kuuona mchezo kuwa ni historia, ingawa mchezo wa ng'ombe wa Pemba tunawasimulia wageni kwa fahari. Kama mchezo wa babu unastahili kusimuliwa, wa mjukuu umekosa nini?

Na wale wa Ulaya, tukisema haki, wapo walioamka. Kuzimwa kwa The Crew kuliwakasirisha watu kiasi cha kuanzisha ombi rasmi kwa Umoja wa Ulaya wakitaka kampuni zisiruhusiwe kuua gemu zilizokwisha kuuzwa, na katikati ya 2025 ombi hilo lilipita sahihi milioni moja. Huko kuna wakusanyaji waliofahamu kwamba vita si ya kijaluba, ni ya kilichomo. Hao ndio wa kuigwa, kuliko yule anayepiga picha rafu yake.

Kwa hivyo ombi langu kwa wasikilizaji ni dogo na la wakati huu. Kama uliwahi kuendesha kibanda cha gemu Chake Chake, Wete, Mkoani au Micheweni, na bado una boksi la CD za zamani chini ya kitanda, daftari la madeni ya mechi, au bango uliloliandika kwa mkono, usilitupe wakati wa kupaka chokaa nyumba. Andika jina la kibanda, mtaa na miaka, ukitie kikaratasi hicho ndani ya boksi lenyewe. Na wewe kijana uliyewahi kuchora jezi ya timu kwa ajili ya gemu ya simu, itafute picha yako, iandike tarehe, uihifadhi mahali pawili tofauti kabla simu haijaharibika.